Ukoo wa Dirisha la Tatu

Nusubei aliingia ofisi ya ada ya chuo kwa sababu ya maji ya kunywa. Tuliweke hilo wazi mapema, maana baadaye zilizuka habari kwamba alipanga kila kitu miezi sita kabla, na yeye mwenyewe hakuzikanusha. Ukweli ni kwamba jua lilikuwa kali, viatu vilimbana, na ukumbi ule ulikuwa na mabenchi, feni mbili na mtungi wa maji baridi yasiyouzwa. Mtu ambaye hajawahi kulipa bei kamili ya kitu chochote hawezi kuyapita maji ya bure hivihivi. Ni suala la msimamo.

Alikuwa na suti moja ya kijivu, tai mbili, na sauti ya kusomea taarifa ya habari. Mjini walimwita Nusubei kwa sababu kila alichouza alianza kwa kusema, "Kwako wewe, nusu bei." Kwa nusu bei aliwahi kuuza kiwanja kilichokuwa katikati ya barabara, tiketi za tamasha lililokwisha juzi yake, na bima ya kunyeshewa. Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja tu: binadamu hasomi karatasi mpaka mwisho. Aliiamini kanuni hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kusoma hata moja.

Alikuwa kwenye glasi ya pili pale mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni alipofika dirisha la tatu.

Nyuma ya kioo cha dirisha hilo alikaa mhasibu mmoja mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Wanafunzi walimwita Mama Dirisha. Alikuwa mtu pekee katika chuo kizima aliyekuwa amesoma Kanuni za Ada, kurasa sitini na mbili, pamoja na maandishi madogo ya chini.

"Binti yako yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi," Mama Dirisha alisema akitazama kompyuta. "Mtihani ni Jumatatu ya wiki mbili zijazo. Vibali vya mtihani vinafungwa Ijumaa kabla yake. Hajalipa."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu."

"Ukilipa asilimia sitini, na ndugu wa pili akaweka sahihi ya kudhamini kilichobaki, anapata kibali. Kilichobaki mnalipa kwa awamu."

"Sitini ninayo. Nimeshona sare za shule mwaka mzima mpaka vidole vimekufa ganzi. Huyo ndugu wa pili ndiye sina."

"Shangazi, mjomba, binamu. Yeyote wa ukoo."

"Mama, ukoo mzima ndio huu umesimama mbele yako," fundi cherehani alisema. "Nusu nyingine iko darasani inajifunza kupima presha."

Mama Dirisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nasoma tu kilichoandikwa," alisema, lakini alisema polepole, kama mtu aliyeukuta mlango umefungwa naye hana ufunguo.

Fundi aliondoka. Akaja kijana mmoja aliyetaka kuacha chuo. Alikuwa amejiandikisha siku tisa zilizopita na sasa amepata wito wa kuimba.

"Ukiacha kabla ya siku ya kumi na nne kwisha," Mama Dirisha alimwambia, "fedha yote iliyo kwenye namba yako ya malipo unarudishiwa. Kwa hundi, siku hiyohiyo."

"Lakini aliyelipa ni baba."

"Anarudishiwa mwanafunzi. Mambo ya baba ni ya nyumbani."

Glasi ya Nusubei ilisimama njiani kuelekea mdomoni.

Ili msomaji asiachwe nyuma, inafaa tueleze alichokiona. Kila mwanafunzi wa chuo kile alipewa namba yake ya malipo, yenye tarakimu kumi na mbili. Mtu yeyote, awe mzazi, jirani au mpita njia, akienda benki na kuitaja namba hiyo, fedha zinaingia akaunti ya chuo, stakabadhi inatoka na muhuri wa chuo, na kompyuta inaandika kwamba mwanafunzi fulani amelipa. Kompyuta haiulizi nani kalipa wala kwa nini. Na mwanafunzi huyo akibadili mawazo kabla ya siku kumi na nne, fedha zote ni zake.

Nusubei alirudisha glasi mezani kwa heshima, akaenda dirisha la kwanza, akaomba kujiunga na chuo.

"Kozi zote zimejaa," karani alimwambia. "Imebaki Cheti cha Ufugaji Nyuki."

"Nyuki," Nusubei alisema kwa sauti ya taarifa ya habari, "ndio ndoto yangu tangu utotoni."

Alilipa ada ya fomu, kiasi kidogo tu, na hata hicho alijaribu kukipunguza. Kabla ya saa kumi jioni alikuwa na namba ya tarakimu kumi na mbili.

Kulikuwa na kero moja. Mwanafunzi aliyekosa darasa siku tatu alifutwa, na namba yake ikafungwa. Kwa hiyo kila asubuhi Nusubei alihudhuria darasa la watu watano, chini ya mwalimu aliyezoea kunong'ona ili asiwaudhi nyuki, akawa ananong'ona hata darasani ambako nyuki hawakuwapo. Siku ya pili walimchagua kuwa kiongozi wa darasa, kwa sababu ya suti. Siku ya nne alivikwa kofia yenye wavu na kupelekwa kwenye mizinga, akarudi sikio moja limekuwa kubwa kama andazi. Alivumilia. Kila biashara ina mtaji wake.

Mchana ndipo alipofanya kazi.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzee tajiri mwenye mtoto wa kiume chuoni, ambaye alikuwa na fedha za kulipa ada ya chumba kizima cha wanafunzi na hakulala vizuri kwa kufikiria kwamba alitakiwa kulipa ya mmoja.

"Kwa hiyo nalipa sitini, deni lote linafutwa?" aliuliza, akimvuta Nusubei nyuma ya rundo la saruji.

"Lote, mzee. Mpango maalumu."

"Hiyo arobaini anailipa nani?"

"Wafadhili."

"Wafadhili gani?"

"Wasiopenda kutajwa."

Mwenye duka aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Yeye mwenyewe alikuwa mtu asiyependa kutajwa, hasa kwenye vitabu vya kodi, na aliwaelewa.

"Halafu wewe unapata nini? Usinidanganye. Mtu hatembei juani bure."

"Mimi? Hata senti. Mkono wangu hautagusa fedha yako, mzee. Unaenda benki mwenyewe, unalipa akaunti ya chuo mwenyewe, unaondoka na stakabadhi yenye muhuri. Mimi kazi yangu ni kukupa namba ya mpango, hii hapa. Ijumaa saa sita mchana unakwenda dirisha la tatu, unachukua kibali cha mtihani cha mwanao, mambo kwisha."

Mwenye duka aliitazama namba kama mtu anayetazama nyama. "Haiwezekani ikawa hamsini?"

"Mzee, wafadhili nao ni binadamu."

Alilipa siku hiyohiyo. Stakabadhi ilipotoka na jina la chuo na muhuri wa chuo, aliibusu. Kesho yake alimwambia dereva wa lori aliyemletea kokoto, ambaye naye alikuwa na mtoto chuoni. Dereva wa lori alimwambia mpangaji wake. Mpango ukaenea kimyakimya, kwa masharti makali ya kutomwambia mtu, na ndiyo maana ulienea haraka. Wazazi waliolipa wakafikia watano, wote watu wazima wenye akili timamu, na wote waliuliza kama haiwezekani ikawa hamsini.

Wa sita alikuwa fundi cherehani.

Nusubei hakumfuata. Hilo nalo liandikwe. Fundi ndiye aliyemwita kutoka ng'ambo ya barabara, akamkalisha kwenye kibanda chenye cherehani moja na sare za shule zilizoning'inia kama darasa lisilo na watoto.

"Dereva wa lori ameniambia. Nami nataka namba."

"Nafasi zimejaa, dada," Nusubei alisema. Hata leo hajui kwa nini alisema hivyo. Nafasi hazikuwa na mwisho.

"Kaka yangu, nisikilize. Nina sitini, sina mdhamini. Mwanangu asipoingia mtihani huu anasubiri mwaka mzima, na mimi macho haya hayana mwaka mwingine wa sare. Nifinyie hata pembeni."

Nusubei alitazama mlango. Ulikuwa wazi. Alitazama sare. Kisha ulimi wake, ambao ulikuwa na mazoea yake, ulitaja tarakimu kumi na mbili mojamoja, na fundi akaziandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa.

"Hebu simama," fundi alisema. "Mfuko wa koti lako umetoboka. Mtu wa mradi mkubwa hivi unatembeaje na mfuko wazi? Vua."

"Si lazima, dada."

"Vua, nimesema."

Aliushona kwa uzi wa mara mbili, akaukata kwa meno. Nusubei alipouliza bei, fundi alicheka. "Umenipa mtihani wa mwanangu halafu nikutoze mfuko? Nenda zako."

Nusubei aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyeacha jiko linawaka.

Angeweza kuchukua fedha zake siku ya kumi na kuyeyuka. Lakini Jumanne mwenye duka alimletea shemeji yake, mtu mwenye watoto mapacha chuoni, yaani sitini mara mbili. Shemeji alilipa Jumatano asubuhi, na fedha ya benki huchukua siku mbili kuonekana kwenye kompyuta ya chuo. Hivyo ndivyo Nusubei alivyojikuta dirisha la tatu Ijumaa, siku ya kumi na nne, saa tatu kamili. Hesabu yake ilikuwa safi. Saa nne hundi, saa tano benki, saa tano na nusu basi. Saa sita, wakati wazazi saba wakifika kuchukua vibali, yeye angekuwa anakula karanga mji mwingine.

"Mwanafunzi wa nyuki," Mama Dirisha alisema.

"Naacha chuo, mama. Kwa uchungu mkubwa. Nyuki na mimi tumeshindwana." Alionyesha sikio.

Mama Dirisha aliangalia kompyuta. Akainamia kioo, akaangalia tena. "Namba yako ina fedha ya kununulia mizinga elfu mbili."

"Napenda kulipa mapema."

"Naona." Alivuta droo, akatoa fomu ya kuacha chuo, kurasa nne, nakala tatu. Kisha akafanya jambo ambalo Nusubei hakuwahi kuliona kwa binadamu. Alianza kuisoma. Kwa sauti. Kuanzia jina la chuo.

Ilipotimu saa nne walikuwa kwenye tafsiri ya neno "mwanafunzi". Saa tano walikuwa kwenye masharti ya kurudisha koti la maabara.

"Sikuwa na maabara, mama."

"Nimekusikia. Lakini limeandikwa." Akafungua ukurasa. "Nakala ya pili ni sawa na ya kwanza."

"Basi tuiruke!"

"Nitajuaje kama ni sawa nisipoisoma?"

Saa sita kasorobo alifika kwenye jedwali. "Hapa. Fedha hizi hukuzilipa wewe. Benki imeandika majina saba. Jaza uhusiano wako na kila mmoja, uweke sahihi chini."

Chini ya jedwali kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nusubei hakuyatazama. Aliyatazama majina saba, akaitazama saa ya ukutani, akawaza kwa kasi. Watu baki saba kumlipia mtu kozi ya nyuki? Nani angeamini? Akachukua kalamu. Mwenye duka akawa baba mkubwa. Dereva wa lori, binamu. Shemeji wa mwenye duka akabaki shemeji. Fundi cherehani aliandikwa dada.

"Wote ndugu zako?" Mama Dirisha aliuliza.

"Damu moja, mama. Ukoo wetu unapenda sana asali."

"Na umeweka sahihi." Mama Dirisha aligonga muhuri. Aligonga polepole, mara tatu. "Basi sasa nisome maandishi madogo."

Akasoma. Kipengele cha tisa: fedha iliyolipwa na mtu baki ni mali ya mwanafunzi, arudishiwe yote bila maswali. Kipengele cha kumi: fedha iliyolipwa na ndugu, ikiwa ndugu huyo ana mtoto chuoni mwenye deni, ifidie kwanza deni la mtoto huyo.

Tusimame hapa kidogo, kwa ajili ya marehemu, yaani zile fedha. Kwa miaka ishirini Nusubei alikuwa amesema uongo, na uongo ulimlisha. Ilitokea siku moja tu, mara moja tu, ambapo ukweli mtupu ungemfanya tajiri. Alikuwa na kalamu mkononi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: watu baki. Na hakuna aliyemlazimisha.

"Mama," alisema, sauti ya taarifa ya habari ikiwa imemtoka, "nadhani niliandika haraka. Ukiangalia vizuri, wale si ndugu."

"Umesaini kwamba ni ndugu."

"Nilikosea!"

"Basi tuwaulize wenyewe. Naona wamefika."

Nusubei aligeuka. Saa sita. Mlangoni alisimama mwenye duka na shemeji yake, nyuma yao wazazi wengine, na nyuma ya wote dereva wa lori, ambaye mabega yake yaliufunga mlango bila kuhitaji bawaba. Fundi cherehani aliingia kwa kupita chini ya kwapa lake, na kile kitambaa chenye chaki mkononi.

"Tumekuja kuchukua vibali vya ule mpango!" mwenye duka alitangaza, akipunga stakabadhi.

"Hakuna mpango," Mama Dirisha alisema. "Watoto wenu wote wanadaiwa. Fedha mlizolipa ziko kwenye namba ya huyu mwanafunzi wa nyuki."

Dereva wa lori alianza kukunja mikono ya shati, mmoja, kisha wa pili, bila haraka.

"Mwanafunzi wa nini?" aliuliza.

"Kabla hamjamgusa," Mama Dirisha aliendelea kwa sauti ileile ya kusoma, "kanuni inanitaka niwaulize swali moja, na jibu lenu naliandika. Kama huyu ni mtu baki kwenu, fedha zote ni zake, naandika hundi sasa hivi. Kama ni ndugu yenu, kama alivyosaini hapa, fedha zinalipa madeni ya watoto wenu. Kwa hiyo." Alishika kalamu. "Mwenye duka la vifaa. Huyu ni nani wako?"

Mwenye duka alifungua mdomo. Ndani yake kulikuwa na majina mengi ya kumwita Nusubei, na hakuna hata moja la ukoo. Uso wake ulibadilika rangi mara mbili.

"Mwanangu!" alipiga ukelele, akamkumbatia Nusubei mpaka mifupa ikalia. "Mtoto wa marehemu mdogo wangu! Umekonda, mwanangu!"

"Baba yangu hakuwa mdogo wako!" Nusubei alilia kutoka kwapani. "Simjui huyu mzee!"

"Amechanganyikiwa," mwenye duka alimwambia Mama Dirisha. "Aliumwa na nyuki sikioni."

"Dereva wa lori?"

"Binamu," dereva alisema, akimshika Nusubei bega kwa namna ambayo bega lilikumbuka wiki nzima. "Tulikua wote. Nilikuwa nampiga sana, na naona niliacha mapema."

"Shemeji wa mwenye duka?"

"Huyu ni, huyu ni..." Shemeji alikuwa mtu mwaminifu, na jambo lilimpa taabu. "Ni nani wangu, jamani?"

"Shemeji!" ukumbi mzima ulimjibu, pamoja na wanafunzi kwenye foleni ambao hawakuhusika.

Ikawa hivyo hadi wa mwisho. Mzazi mmoja alitokwa na machozi halisi. Mwingine alimkumbusha Nusubei deni la mbuzi. Mtu angepita nje angedhani ukoo uliotawanywa na vita umeonana tena.

"Fundi cherehani?"

Fundi alimtazama Nusubei, akautazama ule mfuko wa koti. "Nilimwita kaka tangu mwanzo," alisema. "Kabla ya kanuni zenu."

Mama Dirisha aliandika. Kisha akatoa fomu nyingine, rundo zima. "Sasa kila mtoto amefikisha asilimia sitini. Kwa kilichobaki, kila mmoja anahitaji ndugu wa pili wa kudhamini." Alimsogezea Nusubei kalamu. "Tuna bahati, ndugu wa pili yupo. Wa familia zote saba."

Nusubei alitazama mlango. Binamu yake alikuwa amesharudi mlangoni. Akasaini mara nane, maana mapacha walihesabiwa mmojammoja.

"Kipengele cha kumi na nne," Mama Dirisha alisema, akipuliza wino ukauke. "Mdhamini ambaye ni mwanafunzi haachi chuo mpaka aliowadhamini wamalize kulipa. Kwa hiyo unaendelea na nyuki. Na namba yako sasa inasoma sifuri. Unadaiwa ada yako mwenyewe."

"Sina hata nauli ya basi!"

"Jumamosi na Jumapili nahitaji mbeba saruji," mwenye duka alisema kwa upole wa kutisha. "Mtoto wa ndugu yangu hawezi kukosa kazi. Sitini itatimia."

"Sitini pamoja na mdhamini," Mama Dirisha alisahihisha. "Ndugu. Nani anamdhamini huyu?"

Hapo ndipo ukoo ulipogundua kwamba una shughuli nyingine. Mwenye duka aliitazama dari. Shemeji alikumbuka kwamba yeye, kwa kweli, ni shemeji tu. Dereva wa lori alicheka peke yake.

"Lete," fundi cherehani alisema.

"Dada, usifanye hivyo," Nusubei alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya siku hiyo isiyokuwa na hesabu ndani yake. "Mimi ni mwizi."

"Najua. Umeniibia, na kwa kuniibia nimepata mdhamini niliyemkosa mwaka mzima. Sasa ukikimbia, deni lako na la mwanangu yote yananiangukia mimi. Mimi nitasaini. Wewe utaangalia cha kufanya." Akasaini kwa herufi kubwa, za mtu aliyeacha shule mapema.

Mama Dirisha alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akapitisha kibali cha mtihani chini ya kioo, karatasi ya rangi ya waridi, jina la binti limepigwa chapa katikati.

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa," alisema.

Jumatatu asubuhi, wakati binti akiingia chumba cha mtihani, Nusubei alikuwa kituo cha basi. Basi lilikuja, kondakta akampigia kelele apande, na hata akampunguzia nauli. Nusubei aliingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu, vidole vikagusa ule uzi wa mara mbili. Basi liliondoka. Saa mbili na nusu alikuwa darasani, mwalimu akinong'ona habari za malkia.

Ilipita miezi minane. Wazazi walilipa awamu zao, wengine kwa kuguna. Mwenye duka alilipa mwisho wa wote, baada ya Mama Dirisha kumsomea kipengele cha faini mpaka mwisho. Nusubei alibeba saruji, akajifunza kutofautisha nyuki vibarua na madume, na siku moja, akiwaonyesha wanafunzi wapya jinsi ya kufungua mzinga, akasahau kufunga wavu wa kofia.

Zahanati walimwingiza moja kwa moja. Muuguzi mpya, mwenye sare iliyoshonwa vizuri kuliko za wenzake wote, alimwinamia na kibano.

"Mjomba, usitikisike. Nimeshatoa miiba kumi na minne."

"Imebaki mingapi?"

"Ukitikisika, mingi."

Alipomaliza, Nusubei alisogea dirisha la malipo, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Karani alimsogezea ankara na fomu.

"Ndugu wa wafanyakazi hulipa asilimia sitini," alisema. "Una ndugu hapa? Jaza uhusiano, weka sahihi."

Nusubei alichukua fomu. Aliisoma kuanzia jina la zahanati, akashuka mstari kwa mstari na lile jicho lake moja, akasoma maandishi madogo, akageuza nyuma kuangalia kama kuna mengine. Foleni ilianza kulalamika.

"Mzee, andika tupite!"

"Subirini," Nusubei alisema. "Nasoma."

Kisha akaandika, kwa mkono uliotulia: *mjomba*.